Kujiondoa Si Kufuta

Mtaani wanamwita Fundi, na kwa miaka mingi jina hilo lilimtosha. Ana chumba cha mbele chenye dirisha pana, cherehani ya miguu iliyosogezwa mpaka kwenye mwanga, na kamba iliyotundikwa sare za shule ambazo bado hazijatiwa vifungo. Alishawafundisha wasichana watatu wa jirani kushona, wote wakafungua vibanda vyao, wawili kati yao wakamchukulia wateja. Alipokaribia miaka arobaini akajiambia kuwa kama ni kufundisha, basi afundishe darasani, kwa cheti. Akaomba nafasi katika chuo cha ualimu wa ufundi, akapata. Akapata na ufadhili: ada yote ingelipwa, mradi tu aendelee vizuri. Maneno hayo, "aendelee vizuri", aliyasoma kama mtu asomavyo salamu mwanzoni mwa barua. Hakujua kwamba ndiyo yaliyokuwa barua yenyewe.

Anaishi na kaka yake, mwandika mabango. Ukipita mtaani kwao ukaona herufi nyekundu zenye kivuli cheusi juu ya duka la dawa, kwa kinyozi au mlangoni mwa gereji, huo ni mkono wake. Wazazi walipofariki yeye ndiye aliyemlea, na mpaka leo akimwita "mdogo wangu" husikika kama anamshika mkono wavuke barabara. Siku Fundi alipoanza chuo, kaka alimchorea kwenye mfuko wa vitabu neno MWALIMU, na kivuli chake.

"Sijawa bado, kaka."

"Bango hutangulia duka. Ukingoja duka lijae ndipo uandike, nani atakuja?"

Muhula wa kwanza Fundi alichukua masomo matano, akafaulu yote. Muhula wa pili kaka akaugua.

Ugonjwa wake haukuanza na homa. Ulianza na herufi. Aliacha kulala, akawa anaongea bila kituo, na mkono wake ukakataa kupumzika: aliandika ukutani, mezani, ubavuni mwa sufuria, na siku moja kwenye migongo ya mashati meupe ya wateja yaliyokuwa yakingoja pasi. Hospitalini walimlaza. Fundi akawa mtu wa kubeba chakula asubuhi na kufua rangi jioni. Kwa walioulizia alijibu, "Kaka amepata tenda kubwa, mji wa mbali." Walimpongeza. Alipokea pongezi hizo huku akitazama chini, kwa sababu alijua vizuri kilichokuwa upande wa pili wa ukweli. Nani atampandisha mtu ngazi mbele ya duka lake, akisikia kuwa akili yake iliwahi kumtoroka?

Chuoni alifanya alichoona ni cha uungwana. Badala ya kuingia mitihani bila kusoma na kuchafua jina lake, alijiondoa kwenye masomo manne, akabaki na moja. Mhadhiri mmoja alikuwa amemwambia kwamba anayejiondoa mapema haandikiwi sifuri, na hilo lilikuwa kweli. Lililobaki hakuna aliyemwambia.

Alilisikia ofisini, muhula ulipokwisha. Karani wa ufadhili alikuwa binti mpole, mwenye tabia ya kugonga meza kwa kalamu kabla ya kusema jambo baya.

"Mama, umeanza masomo kumi. Umemaliza sita. Kanuni inataka theluthi mbili."

"Lakini sijafeli hata moja, mwanangu."

"Hujafeli, ni kweli. Ila yale manne yanahesabika kwamba uliyaanza. Kujiondoa si kufuta, mama."

Binti akamhurumia, akasogeza kiti.

"Unaweza kukata rufaa. Uandike sababu, uambatishe uthibitisho. Kulikuwa na ugonjwa? Msiba?"

Fundi alifungua mdomo. Kisha akakumbuka kwamba binti huyu ni mpwa wa mwenye duka la dawa, yule ambaye kaka alikuwa ameahidiwa kumwandikia bango jipya. Akaufunga.

"Mambo ya nyumbani tu."

"Kamati haisomi mambo ya nyumbani, mama. Inasoma karatasi ya daktari."

Kaka alikuwa amesharudi wakati huo, amekonda, akimeza vidonge vyake kila baada ya chakula cha jioni huku akimtazama dada yake kama mtoto anayeonyesha kuwa amemaliza maziwa. Fundi alipomweleza habari ya masomo kumi aliyoanza na sita aliyomaliza, kwanza alicheka.

"Wewe fundi mzima! Ukifumua mshono, matundu ya sindano huwa yanakwenda wapi?"

"Usinicheke, kaka."

"Sikucheki. Haya, wanataka nini?"

"Karatasi ya hospitali."

Kicheko kikakatika. Kaka akachukua kijiko chake, akakifuta mara mbili, akakirudisha mezani.

"Kwa hiyo mimi niandikwe kichaa ili wewe uandikwe mwalimu."

"Sijasema hivyo."

"Wewe husemi, mdogo wangu. Karatasi ndiyo itakayosema."

Kwa siku kadhaa walizungumza kwa vyombo tu. Sufuria ikiwekwa kwa kishindo, maana yake chakula tayari. Mlango ukivutwa taratibu, maana yake natoka. Fundi hakumlaumu, na labda hilo ndilo lililokuwa zito kwake, kwa kuwa lawama humpa mtu mahali pa kuweka mikono. Alipiga hesabu za sare, akaona kuwa ada haiwezi kutoka kwenye cherehani hata angeshona akilala. Akakubali moyoni kuwa chuo kimekwisha. Akatoa vitabu kwenye mfuko wenye neno MWALIMU, akatia humo vifungo, zipu na vipande vya bitana.

Kaka aliuona mfuko ule pembeni mwa cherehani, umevimba vifungo. Kesho yake akanyoa ndevu, akavaa shati lake la kupokelea kazi, akatoka. Alirudi mchana akiwa na bahasha, akaiweka juu ya kitambaa alichokuwa akikikata dada yake, palepale kwenye njia ya mkasi.

"Nimekwenda mwenyewe. Njia naijua."

"Kaka..."

"Wamenikumbuka. Yule muuguzi mwenye sauti ya kengele ameniuliza kama mkono ninao bado. Nikamwambia mkono ninao, kichwa ndicho cha kukopa." Akajaribu kutabasamu. "Nimewaandika watu miaka yote hii. Acha na mimi niandikwe."

Kamati ilikubali, kwa masharti. Muhula unaofuata angechukua masomo matano, asijiondoe hata kwenye moja, na ayafaulu yote. Likianguka moja, ufadhili ungekatika na rufaa nyingine isingepokelewa. Fundi alitia saini. Wiki hiyohiyo mwenye duka la dawa alileta salamu kwamba bango lisubiri kwanza. Huenda biashara ilikuwa ngumu. Huenda binti karani alikuwa mwaminifu kama uso wake na hakutoa neno nje ya ofisi. Si kaka wala dada aliyelitaja. Kuna maswali ambayo ndugu hawaulizani, si kwa kukosa jibu bali kwa kuogopa kulipata.

Muhula ukaenda. Masomo manne yakapita salama. Asubuhi ya mtihani wa tano Fundi aliamka akakuta harufu ya rangi.

Kaka alikuwa amesimama mbele ya mlango wa jikoni, brashi mkononi, amevaa nguo za jana. Herufi za juu zilikuwa nzuri, zimenyooka, zina kivuli. Ndizo zilizomtisha. Za katikati zilianza kubanana, na za chini zilipandana mabegani kama watu wanaogombea mlango mmoja.

"Hukulala, kaka."

"Sikulala, sikulala, usingizi ni kazi ya watu wasio na kazi, tazama hii R ilivyokaa, tazama!"

"Twende hospitali."

Akageuka. Kwa muda mfupi macho yake yakatulia, kama maji yanavyotulia mtu akiacha kuyachota.

"Una mtihani."

"Mtihani utangoja."

"Hautangoja. Umetia saini. Ukijiondoa leo, basi nilijianika bure."

Wakaafikiana: waende wote chuoni, kaka amngoje, kisha moja kwa moja hospitali. Njiani alisoma kwa sauti kila bango walilolipita na kulikosoa. Getini Fundi alimkalisha kwenye benchi la mlinzi, akamwomba mlinzi amwangalie, akaenda kuchagua dawati la dirishani.

"Anayetoka harudi," msimamizi alitangaza, kisha akagawa karatasi.

Fundi aliandika jibu moja, akatazama nje. Kaka alikuwa akizungumza, kidole chake kikichora hewani, na mlinzi alikuwa akicheka. Akaandika jingine, akatazama. Bado yupo. Swali la mwisho liliuliza jinsi ya kumsaidia mwanafunzi anayeshona kwa kasi kuliko uwezo wa mkono wake. Akainua macho.

Benchi lilikuwa tupu. Mlinzi alisimama peke yake, akitazama barabarani.

Alishika kingo za dawati. Mlango ulikuwa hatua chache tu. Akamwona kaka juu ya ngazi, akamwona katikati ya magari, akamwona akiweka bahasha juu ya kitambaa. Kisha akainama, akaandika. Aliandika mpaka mwisho wa ukurasa, akageuza, akamaliza.

"Dada, kaka yako ana visa!" mlinzi alimwambia alipofika getini akihema. "Ametangulia hospitali. Anasema mgonjwa anayejipeleka hupewa kiti, anayepelekwa hupewa kamba. Nikataka kuja kukuita, akaniambia nikithubutu atanichora sharubu kwa rangi ya mafuta."

"Ameelekea upande gani?"

"Huo huo wa hospitali. Ameniachia maneno, kwamba umalize."

Hakujua kama aamini. Alikwenda nusu akitembea nusu akikimbia, mfuko ukimpiga ubavuni. Alimkuta kwenye ukumbi wa kusubiri, amekaa mwisho wa mstari wa viti, viganja amevibana katikati ya magoti ili vitulie. Midomo ilikuwa ikienda bila sauti. Alipomwona aliinua kichwa.

"Umeandika yote?"

"Yote."

Kaka akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akarudi kwenye maneno yake yasiyosikika. Fundi akakaa kando yake, akamwekea mkono juu ya mikono.

Baadaye matokeo yalitoka, akafaulu, ufadhili ukaendelea, na watu walimpa hongera, naye akaitikia kama inavyopasa. Lakini neno lile moja alilomjibu kaka halijamtoka kooni. Lilikuwa la kweli. Aliliona benchi tupu, akainama, akaandika yote.