Siku Paka Alipozika Samaki Wangu Mbele ya Kamati

Kama wewe ni mtu wa Landless, mtaa wetu hapa Thika, na uliona ile video ya mama mwenye aproni ya kijani akiuma samaki mbichi huku paka anamwangalia, basi tusisumbuane, ni mimi. Nimekaa miezi kadhaa nikijifanya ni mtu tunafanana tu, lakini nimechoka, na afadhali niieleze aibu yangu mwenyewe kuliko kuisikia saluni ikiwa imeongezwa chumvi (juzi nimesikia ati nilimuuma paka). Sikumuuma paka. Hata ningetaka, hangekubali.

Kwanza mjue nimetoka kwa watu gani. Mimi ni Mkikuyu wa Murang'a, na kwetu samaki hakuwahi kuingia jikoni hata kwa bahati mbaya. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita nyoka wa maji, na ukimtajia alikuwa anatema mate kando. Sasa mtu kama huyo anaanzaje kuuza samaki? Ni hivi: nilishona kola za mashati miaka tisa kwenye kiwanda fulani cha nguo huko Ruiru, siku moja wakapunguza watu, na jina langu likawa kwenye karatasi. Nikarudi kukaa Thika na mikono mitupu. Jirani yangu Mama Atieno, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwa, hapa Landless, akaniona nimekaa mlangoni wiki nzima nikihesabu kuku wa watu, akaniambia, "Mama Shiku, kuja nikufundishe kukaanga tilapia. Uzi umekuacha, lakini mikono bado iko."

Nikafungua kibanda kando ya chake. Yeye ndiye alikuwa anachagua samaki sokoni, mimi nabeba (kumbukeni hapo, kwa sababu ndipo ujinga wangu ulipokuwa umelala). Shida ilikuwa wateja. Wengi walikuwa watu kama mimi, mtu anasimama, ananusa, anakunja uso, anaenda kununua mutura, ile soseji ya matumbo. Nikaona dawa ni kuua harufu. Nikaanza kuwaloweka samaki kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, ndani ya sanduku la barafu, usiku kucha, mpaka samaki wangu wakawa wananukia kama mtu aliyetoka kuoga. Wateja wakaanza kuja mmoja mmoja. Na mimi nikaanza kuringa, sitawadanganya.

Halafu kulikuwa na Kadogo. Kadogo ni paka, na si kadogo hata kidogo, ni dume lenye kichwa kama ndizi ya kupika na sikio moja lililopasuka. Hakununuliwa wala hakuletwa, alikuja tu siku ile ya kwanza nilipowasha jiko, akakaa chini ya meza. Kila jioni nilikuwa namrushia vichwa na mapezi yakitoka motoni, anakula huku ananguruma. Kwa akili yangu nikajua kitu kimoja: paka na samaki, hakuna mazungumzo. Mpe yoyote, atakula.

Sasa ikafika Ijumaa moja, saa nne asubuhi, hata jiko sijawasha. Naona akina mama watano wa kanisa wanakuja wakiwa na vitambaa vyao vyeupe kichwani, na mbele yao mwenyekiti wa kamati yao, Mama Njeri wa mtaa wa Kamenu. Kama humjui, Mama Njeri ni mtu ambaye akikataa chai yako, hata mumeo ataanza kuikataa. Wakasalimia, wakakaa kwenye benchi, Mama Njeri akasema neno lililonifanya nishike meza. Mchungaji mpya anakuja Jumapili, ametoka upande wa ziwa, na wameambiwa bila samaki hatasikia amekaribishwa. Chakula cha watu wote baada ya ibada. Walikuwa wanatafuta mtu wa kupika.

Nyinyi hamjui hiyo ni nini kwa mtu kama mimi. Kanisa zima la watu wa kwetu kula samaki yangu siku moja! Wakionja hapo na wasife, Jumatatu wangekuja na sahani zao wenyewe. Ningekuwa nimefika.

"Lakini Mama Shiku," akasema Mama Njeri, "sisi hatujui samaki. Na mchungaji akiumwa na tumbo siku ya kwanza, watasema sisi ndio hatukumtaka."

"Mama, usiwe na wasiwasi. Nikaange moja muonje?"

"Hapana. Ikishakaangwa hata mbovu inanukia vizuri. Nataka kujua ikiwa mbichi. Tutajuaje ni freshi?"

Hapo ndipo ningesema, mama, hebu ngojeni kidogo, Mama Atieno ameenda kuchukua omena, akirudi atawaonyesha. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuringa, nilishawaambia. Ningekubalije mbele ya kamati kwamba mwenye kibanda hajui samaki wake? Nikaangalia chini ya meza, nikaona Kadogo amelala, na nikapata wazo lililonifurahisha sana.

"Mama," nikasema, "mimi naweza kujisifu. Wacha tuulize mtu asiyeweza kudanganya. Kadogo! Psi psi psi."

Nikafungua sanduku, nikakata kipande kizuri cha mgongo kutoka kwa ule mchanganyiko wa ndimu, kikiwa baridi mpaka vidole vinauma, nikamwekea mbele yake kwa heshima zote. Akina mama wakainama. Muuza smoki wa kando, zile soseji za moto, akaacha toroli lake, akaja kuangalia.

Kadogo akanusa. Akarudisha kichwa nyuma, akakung'uta mguu wa mbele. Akanusa tena (hapo nilikuwa bado natabasamu). Kisha akageuka upande, akatoa kucha, na akaanza kukwangua mchanga kukifukia kile kipande. Mnajua vile paka hufanya akimaliza haja yake? Hivyo hivyo, bila haraka, kwa usafi, akizunguka kuhakikisha hakuna mahali pamebaki wazi.

"Haiya!" mama mmoja akashika mdomo. "Anaifukia!"

"Ngai fafa, ni kama ile kitu yake!"

"Ameshiba," nikasema haraka. "Huyu amekula sana asubuhi." Ulikuwa uongo, na Kadogo hakunipa hata dakika moja ya kuufurahia, kwa sababu aliinuka akaenda moja kwa moja mpaka kwa toroli la smoki, akaokota kipande kilichoanguka kikiwa bado na mvuke, akakimeza, na akasimama kwa miguu miwili kuomba kingine.

"Mathe," muuza smoki akaniambia kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, "huyu hajashiba. Huyu ako na njaa mbaya."

Watu wakawa wengi, mnajua Landless watu hawakosi mahali pa kusimama. Nikakata kipande cha pili, cha tumbo, kile chenye mafuta. Nikambeba Kadogo nikamrudisha. Akakinusa kidogo tu, akafukia, na safari hii akaona mchanga hautoshi, akavuta kipande cha gazeti la kufungia akakifunika juu. Watu wakapiga kelele kama mpira umeingia golini. Nikaona simu imeinuliwa. Nikaona Mama Njeri amesimama, anakunja kitambaa chake.

Hapo akili ilinitoka, jamani. Nikainama, nikaondoa gazeti, nikaokota kile kipande, nikakipuliza, nikaweka mdomoni, nikauma. Ndimu, tangawizi, mchanga, na baridi iliyonipiga kutoka jino mpaka sikio. Nikatafuna. Nikameza. Nikasema "Tamu!" kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuiamini, na chini hapo Kadogo alikuwa ameketi akinitazama kama vile mimi ndiye mgonjwa.

Mama Njeri akanishika bega polepole. "Mama Shiku, tutaombea hiyo maneno." Kama wewe si mtu wa kanisa, wacha nikufafanulie. Hiyo ni hapana.

Mpaka saa nane hakuna mtu aliyenunua hata mkia. Waliokuja walikuja kumwona paka. Nilikaa nyuma ya sanduku la barafu nikalia, na sikulia kwa sababu ya video. Nililia kwa sababu kwa miezi mitano nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mikono iliyojua kola tu inaweza kujifunza kitu kingine, na sasa nilikuwa naona labda haiwezi.

Mama Atieno aliporudi na gunia lake, mtu alikuwa ameshamwonyesha video njiani. Alicheka mpaka akakalia omena yake. Akimaliza akafuta macho, akafungua sanduku, akatoa tilapia mzima na kuinua kifuniko cha shavu.

"Hii ndani ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Bonyeza nyama. Inarudi ama inabaki shimo?"

"Inarudi."

"Basi samaki ni freshi. Sasa paka unamuuliza ya nini?" Akamnusa yule samaki, akamrudisha haraka. "Na hii umeifanyia nini, nyathina, mtoto wangu? Hii inanuka kama dawa ya mafua!"

Akanieleza akipangusa mikono, na sijawahi kusahau. Kumbe paka anakula na pua. Ulimi wake ni wa mwisho kuulizwa, hata sukari ukimwekea hajui ni tamu. Chakula kikiwa baridi ya barafu harufu yake inalala, na akikosa harufu ya nyama, kwake hicho si chakula, ni takataka ya kufukiwa. Na ndimu ndiyo mbaya kabisa, paka huikimbia. "Si maringo," akasema. "Huko porini paka akila kitu ambacho pua haijakubali, anakufa. Wewe umeondoa harufu ndio watu wako wale. Halafu ukamuuliza yule anayekula harufu."

Akachukua kipande kutoka kwa samaki ambaye sikuwa nimemloweka, akakipasha kwa karai, bila kitu. Kabla hakijashuka Kadogo alikuwa ameshafika, akala akinguruma na macho yamefungwa. Nikamwangalia, nikatamani kumpiga na kumkumbatia.

"Sasa hiyo nimeonyeshwa mimi," nikasema. "Kamati imeshaenda."

"Kwani Kamenu imehama?"

Jumamosi asubuhi nikajipanga. Samaki mmoja mbichi mzima ndani ya beseni, bila ndimu, na mwingine nimemkaanga. Nilitembea na hilo beseni huku nikisikia watoto nyuma yangu wakilia "nyau, nyau," na mara mbili nikasimama nikitaka kurudi. Mama Njeri akafungua mlango, na kabla ya salamu akaangalia nyuma yangu.

"Umekuja na ile paka?"

"Nimekuja peke yangu, mama. Na nimekuja kusema ukweli. Jana nilimuuliza paka kwa sababu hata mimi sikuwa najua. Lakini sasa najua, na nikikuonyesha utajua wewe pia."

Akasogeza kiti. Nikafungua shavu la samaki. Nikamwambia aweke kidole. Alikiweka akiwa amefumba macho, kisha akafumbua jicho moja. Akaangalia ile rangi. Akabonyeza mgongo, ukarudi. Akabonyeza tena, na tena, na nikaona uso wake umelainika.

"Mama Shiku," akasema chini chini, ingawa tulikuwa wawili tu, "mimi nina miaka sitini na mbili na sijawahi kula samaki. Jana nilikuwa nangojea paka aniambie."

Sikuweza kujizuia, nikacheka, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamtolea miiba kipande kwa kipande, kama unavyomlisha mtoto. Akatafuna kwa uangalifu mkubwa, akimeza kila kitu na sala. Akachukua kipande cha pili bila kuambiwa.

"Sasa hii," akasema, "ndiyo watu wamekuwa wakituficha?"

Akanipa kazi. Kuku wangekuwa wengi, wasiotaka samaki wasilazimishwe, lakini samaki angekuwepo, na angekuwa wangu.

Jumapili nikiwa nyuma ya kanisa, karai linachemka, nikasikia sauti kwenye meza ya samaki wabichi. Ni Mama Njeri, amezungukwa na akina mama kumi, kidole kiko ndani ya shavu la tilapia. "Mnaangalia hapa," anawaambia. "Ikiwa nyekundu, iko sawa. Msikubali kudanganywa na mtu." Ungedhani amezaliwa ndani ya ziwa lenyewe. Mmoja mmoja wakaingiza vidole, wanapiga kelele kidogo, wanarudi tena. Niliinama juu ya karai, na mtu akiniuliza kuhusu macho yangu nilisema ni moshi. Mchungaji alirudi mara mbili kuongezewa. Na kijana mmoja kwenye foleni akanitazama, akaangalia simu yake, akanitazama tena: "Mathe, si wewe ni yule wa video?"

"Ni mimi," nikasema. "Unataka mkia ama katikati?"

Akataka katikati.

Kwa hivyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: kitu ninachouza nitakijua mimi mwenyewe, na nisichokijua nitasema sikijui, hata mbele ya kamati. Siku hizi mteja akisimama na kuuliza kama samaki ni freshi, sijitetei tena. Namwambia aoshe mikono asogee, halafu namfungulia shavu.