Mche wa Kwanza wa Veneranda

Gervasi akisikia nimeandika haya, na asikie. Tunaishi kijiji kimoja, Mwamgongo, na mlango wangu anaujua.

Veneranda ni jirani yangu. Marehemu mumewe alikuwa mdogo wake Gervasi. Baada ya matanga Gervasi alimwonyesha mjane kipande cha mlimani akamwambia, "Lima, ule na wanao." Watu wakamsifu kwa huruma. Huruma gani? Kipande chenyewe kilikuwa mteremko wa mawe; kila masika udongo uliporomoka ziwani pamoja na mbegu. Hata mbuzi wa Gervasi walikuwa wakikipita.

Kisha ukaja kwa boti mradi wa kusaidia wakulima wadogo. Afisa wake, Asnath, binti wa mkoa wa mbali, alieleza masharti: usichome moto shamba, chimba makinga maji ya kukata mteremko, panda matete kwenye kingo, nasi tutakupa majembe, mbegu na pesa kidogo ya kujikimu. Veneranda alichimba peke yake. Gervasi, akipita kwenda kunywa, alikuwa akimtania: "Shemeji, hilo kaburi la nani?"

Maharage yakakubali. Muhogo ukakubali. Udongo ukatulia mahali pake. Hapo ndipo Gervasi alipoacha utani, na mimi nikaanza kuogopa.

Mwaka uliofuata mradi ulileta miche ya michikichi. Sasa, kwetu kila mtu anajua: aliyeazimwa shamba hupanda vitu vya kuvuna na kung'oa. Mti ni wa mwenye ardhi, na anayetia mche wa kwanza shimoni ndiye mwenyewe. Kwa hiyo Veneranda alikwenda kumwomba Gervasi ruhusa mbele ya wazee. Gervasi akacheka. "Panda tu, shemeji. Shamba ni lako siku nyingi." Mjane alirudi nyumbani anaimba.

Siku ya kupanda, Asnath na wageni wake wameshika simu tayari kwa picha, Gervasi akatokea amevaa shati la kanisani.

"Mwakeye, shemeji!" akasalimia kwa kilugha chetu. "Nimekuja kukusaidia."

Akaushika mche uliokuwa mkononi mwa Veneranda. Angeweza kumkatalia, lakini mwanamke wa kwetu havutani na shemeji mkubwa mbele ya wageni. Amefundishwa hivyo tangu utotoni. Akauachia. Gervasi akaupanda, akaushindilia udongo kwa kiatu, na Asnath akapiga makofi. Makofi! Wazee wale walioisikia ruhusa wakageuka kutazama ziwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Michikichi iliposhika, Gervasi alidai shamba. Wazee wa ukoo wakaketi, wakasema mche wa kwanza aliupanda yeye, basi. Ruhusa ya mdomo? Hakuna aliyeikumbuka. Asnath naye akasema, "Mama, nakuonea huruma, lakini hatuingilii mambo ya ukoo. Msaada wetu unafuata shamba." Basi sasa unamfuata Gervasi. Amesimikiwa kibao cha mkulima wa mfano, mtu ambaye sijawahi kumwona na jembe. Nikipita pale natema mate, na sioni haya kusema.

Mwezi uliopita nilimwendea Veneranda ufukweni, anakofanya kibarua cha kuanika dagaa wa watu. Nikamwambia nina kipande karibu na mto, akichukue, apande chochote, hata michikichi.

Hakuinua kichwa. "Na siku ya kupanda, kaka, utakuja kunisaidia?"

Nikaapa kwa Mungu kwamba siku hiyo sitatoka ndani.

"Yeye naye alikuwa mwema hivyo hivyo," alisema, "siku tulipomzika mume wangu."

Akaendelea kugeuza dagaa. Nilitamani kukasirika, hasira zikanigomea. Mvua zimeanza, na kipande changu bado hakijalimwa.