Mgongo wa Opicho Kwenye Mlolongo

Opicho alikuwa karani wa stoo, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui." Mwaka huu kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu: kuwa mwenyekiti wa wapangaji wa mtaa wa Kaloleni, amng'oe Dedan, fundi wa viatu aliyeng'ang'ania kiti hicho kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Siku chache kabla ya uchaguzi akaona aende likizo Mombasa na mkewe Kamene, akapige picha za kiongozi anayepumzika.

"Baba Marion, jipake hii kwanza," Kamene alimwambia ufuoni, akimnyooshea losheni ya kuzuia jua. "Na likifika utosini, urudi kivulini."

"Hayo ni maji ya wazungu. Mimi nilizaliwa nimeshaiva. Ngozi nyeusi itaungua mara ngapi?"

Akajipaka jeli ya kukamulia ng'ombe ili ang'ae pichani, akavua shati, akalala kifudifudi adhuhuri yote. Hata samaki wa kupaka hapikwi kwa bidii namna ile.

Jioni mgongo ulikuwa umevimba, unatoa joto kama jiko. Kamene alicheka hadi akashika ukuta, kisha akamwambia aoge maji baridi, ajifunike kitambaa kilicholowa, anywe maji mengi, avae kitu chepesi, na asithubutu kutumbua malengelenge. Opicho akamjibu kwamba hakuoa daktari. Akajisugua dawa ya mafua, ile ya mentholi. Chumba cha pili walidhani anachinjwa.

Jumapili ya kura aliingia ukumbini na suti nzito, midomo ameibana. Angesema nini? Mtaa mzima ulishamsikia akitangaza kwamba Mwafrika haunguzwi na jua.

"Niaje, mheshimiwa!" Dedan akapaaza sauti. "Mbona unatembea kama umemeza ufagio?"

"Huu ni mwendo wa mshindi, mshona akala wewe!"

Mtaani kwao walipiga kura kwa mlolongo. Mgombea alisimama mbele, wafuasi nyuma yake, kila mmoja mikono mabegani mwa aliyemtangulia, ili mjanja asirukie mstari wa pili akahesabiwa tena. Mstari wa Opicho ulifika mlangoni. Wa Dedan ulikuwa aibu. Nyuma tu ya mgongo wa Opicho alijipanga Mama Beldina, mjane wa mfanyakazi wa reli, mwenye viganja vilivyosonga ugali wa matanga yote ya mtaa. Viganja vikatua.

"Toa mikono, mchawi wewe!" Opicho akapiga yowe.

Ukumbi mzima ukageuka.

"Umeniitaje, Opicho? Mimi niliyekufunga nepi?"

Kamene, aliyekuwa nyuma ya Mama Beldina, akanong'ona: "Sema jua limekuchoma. Vua koti, omba msamaha, yaishe."

"Jua halimchomi Mwafrika!" Opicho akanguruma. "Huyu mama ana mikono ya moto!"

Mama Beldina akamwachia mabega. Akageuka, akaelekea kwa Dedan. Kamene alikuwa amemshika mabega, akaenda naye. Aliyemshika Kamene akafuata. Mstari mzima ukapinda ukumbini kama mabehewa nyuma ya kichwa cha treni, wengine hata hawajui wanapelekwa wapi. Kamene angeweza kuachia. Hakuachia.

Opicho akabaki peke yake mbele ya ukuta, bila mkono hata mmoja mgongoni. Na kusema kweli, hicho ndicho alichokuwa ameomba.