Mtihani wa Julai wa Jarvell Guidry

Jarvell Guidry alifaulu mtihani, na hakuna siku aliyowahi kutamani kufeli kama Jumanne ile.

"Hongera," alisema Dokta Pruitt, daktari wa timu, akigeuza kompyuta ili Jarvell naye aone. "Alama zako ni zile zile za Julai. Tena umezidi kidogo."

Jarvell akazitazama. Juzi yake, Jumapili, katika mechi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kudaka kwa mikono na kugongana, aliruka katikati ya uwanja kudaka mpira, beki mmoja akamgonga kichwani kwa bega, akaanguka nao bila kuuachia. Uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Akainuka, akajikung'uta nyasi, akatembea mwenyewe hadi kwenye benchi akaketi. Shida ni kwamba lilikuwa benchi la wapinzani. Wale jamaa hawakumcheka. Mmoja alimshika mkono taratibu akamwonyesha kwao ni upande gani, na hilo lilimuuma kuliko bega la beki, maana katika mchezo ule mpinzani akikuhurumia ujue mambo yako si mazuri.

Mimi na Jarvell tumetoka mji mmoja, Opelousas, Louisiana, kwa hiyo mnisamehe nikimsema kwa uchungu. Mama yake, Bi Earline, alipika shuleni miaka ishirini, na nusu ya mji ilikula gumbo yake, ule mchuzi mzito wa kwetu. Mwanawe hakuwa na kimo wala kifua, lakini alijaliwa mikono. Chochote ulichokirusha, alikidaka. Akawa mpokeaji, wale wanaopangwa pembeni: kazi yao ni kukimbia njia iliyochorwa na kocha kwenye karatasi, kugeuka pale pale palipochorwa, na kuukuta mpira uko hewani. Akaifanya kazi hiyo kwa malipo miaka minane, katika timu nne. Nyota hakuwa. Alikuwa yule wa tano kwenye orodha, na wa tano haumwi, maana akiumwa wiki moja anakuta kabati lake lina jina la mtu mwingine.

Sasa huo mtihani. Kila Julai, kabla ya mazoezi kuanza, wachezaji hukalishwa mbele ya kompyuta wakiwa wazima. Kumbuka maneno haya. Bonyeza ukiona duara jekundu. Alama zinawekwa. Ukigongwa kichwa katikati ya msimu unarudia mtihani, na ukishuka chini ya alama zako za Julai, huchezi.

"Kwa hiyo Julai unajifanya mjinga, mdogo wangu," Malveaux, mpokeaji mkongwe, alimfundisha msimu wa kwanza, wakiwa wanavaa viatu. "Bonyeza umechelewa. Maneno yasahau. Ukigongwa Novemba, hata uwe nusu maiti, utapita."

"Na wasiponiamini kwamba mimi ni mjinga?"

"Wewe? Mbona hilo jepesi. We kaa tu uso wako ulivyo."

Chumba kizima kilicheka, na Jarvell alicheka kuliko wote. Ndivyo alivyofanya Julai saba mfululizo. Werevu gani huo, jamani, wa mtu kujichimbia shimo na kujisifu kwa koleo?

"Dokta," Jarvell alisema sasa, mle ofisini. "Hizo alama za Julai ni za uongo. Nilijifanya."

Dokta Pruitt hakushtuka. Alivua miwani, akafikicha macho. Alikuwa ameifanya kazi hiyo muda mrefu. "Miaka yote?"

"Saba."

"Na Julai hii?"

Julai hii mkewe, Shanelle, alimwapisha. Shanelle alikuwa ameshamkuta mara mbili amesimama mbele ya friji, mlango wazi, hajui anatafuta nini. Alimwambia, "Safari hii fanya mtihani kweli, mpenzi, tujue tulipo." Naye alifanya kweli. Alikaza macho, aliyarudia maneno kimoyomoyo, alibonyeza kwa haraka alivyoweza. Alama zikatoka zile zile za kujifanya. Hakumwambia mkewe, wala Malveaux, wala mtu. Alikuwa ameogopa, na alikuwa anaogopa bado.

"Julai hii pia," akasema. "Nilijifanya."

"Basi sina cha kukupimia," Dokta Pruitt alisema. "Nimebaki na mdomo wako tu. Kichwa kinauma? Mwanga unakusumbua? Unasahau vitu? Sema ndiyo moja, nakuandika mgonjwa sasa hivi, na hakuna wa kunibishia. Lakini useme wewe, Jarvell. Siwezi kukusemea."

Ndiyo moja. Alikuwa nazo tatu, zote mdomoni. Kichwa kilimpwita tangu Jumapili, na taa ya ofisi ile ilikuwa inamchoma macho hata wakati huo. Alivuta pumzi aanze.

Mlango ukafunguliwa. Kocha wa wapokeaji akachungulia, kikombe cha kahawa mkononi, hata hakuingia. "Guidry. Uko fiti?"

"Niko fiti, Kocha."

Lilimtoka lenyewe. Alikuwa anaulizwa swali lile tangu ana miaka tisa, na mdomo haukuwahi kujifunza jibu la pili.

"Safi. Mazoezi saa saba." Kocha akaondoka. Dokta Pruitt akamtazama Jarvell kitambo, akingoja. Jarvell akatazama viatu vyake. Daktari akavaa miwani yake, akatia sahihi.

Shanelle alikuwa anamngoja nje ndani ya gari, kwa sababu tangu Jumapili yeye ndiye aliyekuwa akiendesha.

"Wamesemaje?"

"Nimepita. Nacheza."

"Ulimwambia dokta kuhusu kichwa?"

"Kichwa kizima, mpenzi. Tunywe chai nyumbani, mchana nirudi mazoezini."

Shanelle hakugomba. Alishuka, akazunguka gari, akampa funguo. "Basi kama ni mzima, endesha."

"Shanelle, acha hizo."

"Endesha, Jarvell. Mbona umesema mzima."

Akakaa kwenye usukani. Akawasha gari, akalitoa vizuri tu, akafika kwenye geti la kutokea. Barabara ilikuwa nyeupe, kushoto hakuna gari, kulia hakuna gari. Nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na mbili, na alikuwa amekwenda na kurudi kwa barabara ile msimu mzima. Mkono ukakaa juu ya indiketa, usijue uipandishe kwenda kulia au uishushe kwenda kushoto. Nyuma yao gari moja likapiga honi.

Jarvell hakuuliza. Alimwibia mkewe jicho, aone yeye atatazama upande gani.

Shanelle alikuwa anatazama mbele, machozi yanamtoka, na hakugeuza shingo.