Nyama ya Kijapani na Swali Nililoogopa Kuuliza

Siku niliyomdanganya shemeji yangu mbele ya sahani ya nyama naikumbuka vizuri kuliko siku yangu ya ndoa, na hilo la ndoa, mwanangu, naomba lisimfikie mke wangu. Nilitamka neno moja tu: "Nimeuliza." Sikuwa nimeuliza. Sikumuuliza mtu yeyote kitu chochote. Mtu mzima, mwenye ndevu na cheti cha kidato cha nne, nikadanganya kama mtoto anayeulizwa kama amepiga mswaki.

Nakueleza ilivyokuwa, maana najua na wewe una wageni watakaokuja.

Mimi, kama hujui, ni mtu wa nyumbani. Naishi Toongabbie, na nikifika Parramatta najihesabu nimesafiri. Wakati ule nilikuwa na miaka hamsini na kitu, lakini katika mji huu wa Sydney nilikuwa mtoto wa miaka minne tu. Nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala moja kule Wetherill Park, na nikimaliza shifti narudi moja kwa moja kwenye kochi langu. Kochi lile limeshachukua umbo langu. Mgeni akilikalia anajiona amevaa nguo ya mtu.

Basi mtu wa namna hiyo siku moja alipita mbele ya bucha akaona nyuma ya kioo nyama ya wagyu, wale ng'ombe wa Kijapani wanaosifiwa dunia nzima, nyama nyekundu iliyotapakaa mistari myeupe ya mafuta kama ramani ya mito. Nikaipiga picha. Nikaituma kwenye kundi la familia kwenye simu, na chini yake nikaandika: "Ndiyo hali halisi ya huku, tunapambana." Sikusema nimekula. Sikusema sijala. Niliwaachia wenyewe, na ndugu zangu wa Tanga wakajaza pale palipobaki wazi.

Aliyejaza kuliko wote ni shemeji yangu Omari, kaka mkubwa wa mke wangu Zuhura. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo Omari ndiye aliyeniozesha. Lakini huyo Omari, mwanangu, kazi yake kwa miaka thelathini ilikuwa kuchinja. Alikuwa mchinjaji wa machinjioni. Kila alfajiri ananoa kisu, anamwelekeza mnyama kibla, anataja jina la Mungu, ndipo anachinja. Watu wa mji ule wamekula kwa mkono wake mpaka wakaoa, wakazaa, wakaozesha.

Sasa ninyi mliozaliwa huku niwafafanulie jambo. Kwetu mtu haulizi nyama imechinjwa na nani. Anayechinja anajulikana. Hata jirani Mkristo akiwa na sherehe yake humwita Mwislamu amchinjie, ili wote wale pamoja. Ukisimama mbele ya mwenye bucha ukamuuliza "hii nani kachinja," umemtukana, na mfupa atakaokupa siku hiyo utautambua. Kwa hiyo sisi tulikuja huku tukiwa watu wazima kabisa, na swali hilo midomo yetu haijawahi kulitamka. Mimi tayari nilikuwa nimejifunza kununua nyama ya halali kwenye bucha la Kiislamu la Merrylands, lakini pale kibao kipo nje, kimeandikwa, huulizi mtu. Mkahawani ni jambo jingine.

Omari alikuwa ametoka kumtembelea mwanawe Auckland, na akirudi akapitia kwetu siku tatu. Nilimpokea uwanja wa ndege. Sikuwa hata nimelishika begi lake vizuri.

"Shemeji," akasema, "ile nyama ya kwenye picha iko wapi?"

"Ipo, ipo."

"Mimi nimeshika ng'ombe maisha yangu yote. Sitaki kufa sijamwonja huyo wa Mjapani."

Nyumbani Zuhura akanitazama kwa lile jicho lake. "Mpeleke basi. Si wewe ndiye mwenyeji wake?"

 Nilitafuta kwenye simu nikapata mkahawa mmoja katikati ya jiji, wa kuchoma nyama mezani mwenyewe, moto uko katikati ya meza. Jina lake silitaji, maana wenyewe hawakufanya kosa lolote. Kesho yake mchana Zuhura akiwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mimi na Omari tukapanda treni. Yeye amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu. Mimi nimevaa shati la Idi na jasho.

Tulipokaa akaja binti mmoja mhudumu, mwepesi, mwenye tabasamu. Kwa Kiingereza akaniuliza kama kuna chakula chochote tusichokula.

Hebu simama hapa kidogo, mwanangu. Mlango ulifunguliwa wazi namna hiyo. Binti wa watu ameniuliza yeye mwenyewe. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, halali, neno ambalo katika mji huu hata watoto wa shule wanalijua. Lakini meza ya pembeni walikaa wanaume wa ofisini wenye suti, wanakunywa maji yenye ndimu kana kwamba walizaliwa wakiyanywa. Nikaona nikiuliza, binti atajua sijawahi kufika. Nikaona atasema hapana, hatuna, na mimi na mzee wangu tutanyanyuka tupite katikati ya wale wenye suti, wakitutazama. Na Omari atajua ile picha ilikuwa ya kwenye kioo cha bucha.

Nikajibu kwa Kiingereza changu cha ghalani: "Tunakula kila kitu."

"Amesemaje?" Omari akauliza.

"Anatukaribisha."

Nyama ikaja kwenye ubao mweusi, vipande vyembamba, vimepangwa kama vitambaa dukani. Omari hakuigusa. Aliinama akaitazama kwa muda, kama fundi saa.

"Huyu ng'ombe hakutembea," akasema. "Huyu alilala tu. Tazama mafuta, hayakukaa juu, yameingia ndani ya nyama yenyewe. Huyu kalelewa kuliko wewe."

"Kuliko mimi kweli," nikasema.

Akachukua kipande, akakiweka kwenye moto, kikalia kidogo tu kikawa tayari. Akakishika karibu na mdomo, halafu mkono ukasimama.

"Umeuliza?"

Hakuniuliza kwa shaka. Aliniuliza jinsi mtu anavyouliza kama mlango umefungwa, huku tayari amelala.

"Nimeuliza."

"Bismillahi," akasema, akala, akafumba macho.

Watu husema nyama ile inayeyuka mdomoni. Inawezekana. Yangu mimi niliimeza kwa maji, kama kidonge. Yeye alikula kipande cha pili, cha tatu, akawa anachovya kwenye kibakuli cha sosi na kuisifu sosi, tamu, nyeusi, asijue imetengenezwa kwa nini. Binti alipopita, Omari akaniambia nimuulize inatengenezwaje, ili akamfundishe mke wake.

Nikamuuliza. Hilo niliweza kuliuliza, unaona. Binti akafurahi akaanza kunihesabia: maji ya soya, sukari, kitunguu saumu, tangawizi, na mvinyo wa mchele.

"Anasemaje?"

Mwanangu, wakati ule bado ningeweza. Kipande cha nne kilikuwa kwenye moto, hakijaliwa. Ningesema, shemeji, weka chini, nimekosa. Nilikitazama kile kipande kikigeuka rangi.

"Anasema ni siri ya jikoni," nikajibu.

Akacheka, akakichovya, akala.

Kwenye treni ya kurudi mzee alikuwa na furaha kama mtu aliyetoka kupokea mahari. Akaniambia atakavyowasimulia wenzake kwenye baraza ya msikiti, kwamba hata huko mwisho wa dunia, shemeji yake anajua wapi pa kula. Mimi nilikuwa nahesabu vituo, na kila mlango ukifunguka natamani nishuke nisipande tena. Tulipofika nyumbani akatawadha, tukasimama kuswali Alasiri, yeye imamu na mimi kuume kwake. Mpaka leo sijui niliswali rakaa ngapi. Nilikuwa naisikia tu sauti yake ikisema Allahu Akbar, maneno yale yale aliyowasomea maelfu ya ng'ombe.

Alipojilaza nikaenda gereji, nikafunga mlango, nikapiga simu kule mkahawani. Nilitaka waniambie nimekosea, kwamba nyama zao zote ni halali na ule mvinyo ni jina tu. Akapokea binti yule yule, sauti nikaijua. Akasema nyama ile ilitoka Japani na haina cheti cha halali, na mvinyo ni mvinyo. Halafu, kwa upole kabisa, akaongeza kwamba wateja wengi huuliza. Wanao wagyu mwingine, uzao huo huo wa Kijapani ila amefugwa hapa hapa Australia na kuchinjwa kwa halali. Mteja akisema mapema humbadilishia wavu wa kuchomea na kumpa chumvi badala ya sosi. "Mngesema tu," akaniambia.

Afadhali angenitukana. Kumbe hata aibu niliyoikimbia haikuwepo. Hakuna mtu ambaye angenyanyuka, hakuna suti ambayo ingegeuka. Nilikaa gereji juu ya ndoo ya rangi mpaka Zuhura akarudi akaniuliza nimeficha nini humo.

Sikulala vizuri. Nilijipa sababu zote: mzee hajui, asiyejua hana kosa, kesho anaondoka, kwa nini nimharibie safari. Sababu zilikuwa nzuri sana. Kila moja ilikuwa inanitetea mimi.

Asubuhi tukiwa mezani na chai na vitumbua nikamwambia. Nikamwambia yote, kuanzia picha. Zuhura akaacha kumimina chai.

Omari akaweka kikombe chini. "Hiyo sosi ulijua lini?"

"Pale pale mezani."

"Mimi nikiwa nakula?"

"Ndiyo, kaka." Nilimwita kaka. Miaka yote namwita shemeji.

Akakisogeza kikombe mbali naye. Nilitamani anipigie kelele, hakupiga.

"Mimi niliuliza nikajibiwa," akasema. "Mungu ananijua, na nitamwomba. Hilo halinisumbui sana. Lakini wewe sikiliza. Miaka thelathini watu wamekula kwa neno langu tu. Hakuna aliyeamka alfajiri kuja kunisimamia kama kweli nimetaja jina la Mungu. Waliniamini, wakanunua, wakapika. Jana nikasema, na mimi leo nile kwa neno la mtu."

Akainuka kwenda kusukutua mdomo. Alikaa huko muda mrefu, maji yakimwagika.

Hakunikasirikia. Uwanja wa ndege alinikumbatia na kuniombea. Lakini mwaka jana nilimtumia dawa ya kuchua magoti, akapiga simu kutaka kujua kama inafaa kwa mwenye presha. Nikamwambia inafaa, nimemuuliza mfamasia. Na safari hiyo nilikuwa nimeuliza kweli, mwanangu, nilimuuliza mara mbili mpaka akanichoka.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Hebu nipe Zuhura."

Sasa nisikilize, wewe unayejua Kiingereza kuliko mimi na unayepeleka wazazi wako mjini kula. Nyama ya Mjapani ni nzuri, usiiogope kwa ajili ya ujinga wangu. Mgeni wako akitaka, mpeleke. Kuna mikahawa ya kuchoma mezani mjini, na ukitafuta utapata ya halali. Kama wewe ni wa kochi kama mimi, mabucha ya Merrylands na Auburn huwa yanayo ya ng'ombe wa uzao ule, uliza siku wanayoileta. Kata nyembamba, chumvi tu, moto mkali, usiichemshe kwanza kama nyama ya mchuzi maana utabaki na sufuria ya mafuta. Ila kabla hujakaa, piga simu. Ukikaa, uliza tena, kwa sauti, meza ya pili isikie. Uliza nyama imetoka wapi, uliza na sosi. Na kama hukuuliza, sema sikuuliza. Na kama umeshadanganya, usingoje kipande cha nne.

Kwa sababu mzee aliyeshuka kwenye ndege hajui lugha ya huku, hajui njia, hasomi menyu. Mdomo wako ndio macho yake. Akila, anakula kwa neno lako.

Mungu akupe wageni wengi na riziki ya kuwalisha. Akupe ulimi usioona haya mbele ya watu, na akikujalia kuaminiwa, asiwahi kukuonyesha mlango wa gereji. Amina.

Wiki ile Omari alipoondoka nilimsimulia kisa hiki Mama Neema, jirani yangu Mkongomani wa Uvira, Mpentekoste, tumetenganishwa na uzio wa mbao. Nilijieleza kirefu. Nikamwambia nilivyohangaika, nilivyomwogopa Mungu, nilivyomwogopa shemeji, usingizi nilioukosa. Nilitegemea pole. Alikuwa anaanika mashuka. Akashika kibanio mkononi akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Apana, Baba Rehema, usidanganye tena. Wewe Mungu haukumuogopa, na shemeji yako haukumuogopa. Uliogopa ule mtoto wa kubeba sahani."