Siku Mtandao Ulipokuwa Mzuri

Ruta yetu ya waifai tuliivisha nguo kabla hatujaijua kazi yake. Fundi alipokwisha kuifunga na kuondoka, mama aliingia chumbani akatoka na kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, chenye maua ya waridi pembeni, akaifunika. Kwetu kila kitu cha thamani hufunikwa. Televisheni ina kitambaa chake, friji ina chake, cherehani ina chake, na jagi la maji lina chake chenye shanga. Basi ruta nayo ikafunikwa, ikatiwa ndani ya kabati la vyombo, ikaegemezwa sinia ya shaba aliyotuachia bibi. Nami nilisimama pale nikaona imependeza.

Mie ni mwalimu wa chekechea hapa Malindi. Naishi na mama kwenye nyumba ya zamani ya mawe, kuta zake nene hata mtu akikuita chumba cha pili humsikii. Ndugu yangu ni mmoja tu, mdogo wangu wa kiume, naye alikwenda Maskat kufanya kazi ya stoo. Kwa ajili yake ndiyo nikatia waifai. Alikuwa akitupigia jioni, na kila mara ni sauti tu, picha hapana. "Mtandao mbaya, dada," alikuwa akisema. "Nikiwasha kamera inakata." Mama hakuwa amemwona uso mwanawe tangu alipoondoka, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nilitaka amwone kabla ukungu haujazidi.

Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kiburi changu, na kiburi ninacho, sikatai. Jirani yetu wa mlango wa pili ana binti Jidda, na binti huyo kila wiki huonyesha jiko lake, mapazia yake, mpaka paka wake, picha safi kabisa. Sisi tu ndio tulikuwa na mtu asiyeonekana. Nikiulizwa nilijibu kwamba mtandao wetu ndio mbovu, na kulisema hilo kuliniuma kama kukiri kwamba nyumbani kwetu mna kunguni.

Ilivyokuwa, tulipotia ruta hali ikabaki vile vile. Nilikasirika. Nikakaa chini na simu yangu nikaanza kusoma habari za hiki kidude, taa hii maana yake nini, ile maana yake nini, kiwekwe wapi. Nikakuta imeandikwa waziwazi kwamba hakipendi shaba, hakipendi kioo, hakipendi kufungiwa ndani wala kuta nene. Nilitazama kabati letu nikaona haya peke yangu. Nikamweleza jirani, akacheka mpaka akashika ukuta. "Shoga, wewe umemtia bibi harusi ndani, halafu wamlaumu hatoki kuamkia wageni."

Nikaitoa kabatini, nikaiweka juu ya meza ndogo karibu na soketi, kando ya kiti cha mama. Mama akaifunika tena kwa kitambaa chake. Nikakivua. Nikirudi kutoka skuli nakuta kimerudi. Tukaenda hivyo siku nyingi, mimi navua, yeye avisha, wala hatukugombana.

Lakini likabaki jambo moja lililonitoa akili. Ruta ilikuwa njema kutwa nzima. Mdogo wangu akipiga, tukisalimiana, tukianza tu kumwambia awashe kamera, ruta inazima. Taa zote giza. Nikisogea kuitazama, inawaka yenyewe, na simu imeshakatika. Nikadhani ni soketi, nikamwita fundi wa umeme, akasema soketi nzima. Nikadhani ni watu wa barazani nje wanaotumia mtandao wetu na kuuchosha. Paswadi yetu ilikuwa kwa majirani wote, kwa sababu mtu akikuomba kitu kama hicho mlangoni pako utamnyimaje? Ni kama kaa la moto zamani, au chumvi. Siku moja nikapata ujasiri nikaibadilisha. Haikupita hata saa, jirani akaja na bakuli la mbaazi za nazi, akaliweka mezani, akauliza kwa upole kama kwetu kuna mgonjwa, maana mtandao umepotea. Uso ulinishuka. Nikampa paswadi mpya kabla hajaketi, na ruta ikaendelea kuzima vile vile.

Ikaja Idi. Nilijua nyumba itajaa, na nilijua mdogo wangu atapiga kutupa mkono wa Idi. Nikaapa moyoni kwamba siku hiyo mama atamwona mwanawe, na watu wote wataona kwamba mtu wetu anaonekana kama watu wa wengine. Usiku wa kuamkia Idi nikaihamisha ruta. Nikaipandisha juu ya kabati, ukuta wa pili, nikaivutia umeme kwenye soketi ya juu nyuma ya televisheni. Nikaijaribu kila chumba, mpaka jikoni, mpaka ukumbini. Mtandao ulikuwa moto.

Asubuhi mama alipoiona kule juu alisimama. "Irudishe pale ilipokuwa," akaniambia.

"Mama, pale si mahali pake."

"Nakwambia irudishe, mwanangu."

Nikamwambia asijali, nimesoma, najua nifanyalo. Akanitazama kidogo, akaenda kupanga vikombe. Nilidhani ni utu uzima tu, mtu na kiti chake, mtu na vitu vyake alivyozoea. Laiti ningemuuliza.

Baada ya sala wakaja. Khalati wawili, dada zake mama, mjomba aliyekuwa dereva wa lori enzi zake, wake wa binamu na watoto wao wenye nguo mpya, na jirani yangu wa mbaazi. Sebule ikanukia udi na kahawa ya tangawizi. Kaimati zilikuwa bado za moto simu ilipolia. Nikaiegemeza kwenye jagi la maji ili kila mtu aone, nikapokea.

"Idi mubaraka, dada."

Sauti ilikuwa kama yumo humo sebuleni. Watu wakaitikia kwa pamoja, mama akamwombea dua, kisha nikamwambia, "Haya, washa kamera, watu wakuone."

"Mtandao mbaya, dada."

"Ah, huo wimbo wa mtandao leo umekwisha. Kwetu taa zote za kijani. Washa."

Watu wakacheka. Khalati mkubwa akasema huko Uarabuni lazima ameoa kisirisiri, mke ndiye anayemficha. Mke wa binamu akasema pengine amenenepa, anaona haya. Na mimi nikazidi kumsukuma, nikamwambia mama yuko hapa ameyatoa macho yake yote mawili, amnyime? Nilikuwa nikicheka niliposema hivyo. Mama hakucheka. Aliunyosha mkono pembeni mwa kiti, kule kwenye soketi ya zamani, mkono ukakuta soketi haina waya. Niliuona mkono ule, wala sikuuelewa.

Kisha picha ikaja.

Ilikuja safi kuliko nilivyowahi kuona picha yoyote. Uso wake umekonda na kuungua jua, midomo imepasuka, kichwani kajifunga kitambaa. Aliishika simu karibu na uso, akidhani itatosha. Lakini nyuma ya bega lake kulionekana weupe, chungu juu ya chungu, na watu wenye makoleo, na mmoja wao akamwita kwa Kigiriama, lugha ya huku kwetu pwani, kwamba lori limefika.

Mtoto mmoja akauliza, "Huko kuna theluji?"

Mjomba aliweka kikombe chini. Alibeba chumvi kwa lori miaka mingi kabla hajastaafu. "Hiyo Marereni," akasema, taratibu, kama mtu aliyejisahau, na nadhani alijuta papo hapo.

Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, ni hapo tu kaskazini yetu. Mtu akitoka huko asubuhi, chai ya saa nne anainywa kwetu.

Mdogo wangu alitutazama, nasi tukamtazama. Mimi niliyekuwa nimeusaka mtandao mzuri nyumba nzima, nilikuwa nikiomba Mungu aukate, na haukukatika. Ulitulia pale na uso wa mdogo wangu ndani yake, kila kope naiona. Mwishowe yeye mwenyewe alibonyeza, akaondoka. Khalati mdogo akaichukua sahani ya halua akaizungusha kwa watu ambao wote walikuwa wameshakula. Jirani yangu akasema jua la leo kali, wengine wakakubali kwamba kali. Walikuwa wakinisitiri, na kila neno lao jema lilinichoma. Natamani wangenicheka.

Walipokwisha kuondoka nilimkuta mama akikusanya vikombe. Nikamuuliza kama alikuwa akijua.

"Marehemu baba yako alikaa Maskat," akasema. "Akitupigia jioni, kwake wameshasali magharibi, kwetu jua bado lipo. Huyu akipiga, nasikia adhana ya kwake na ya kwetu zinaingia pamoja."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Nikaketi. Akaendelea kufuta meza, ananizungumzia bila kunitazama. "Nilikuwa nikizima mimi. Nikisikia anahangaika kutafuta la kusema, nanyosha mkono nazima swichi. Lawama nikampa kidude. Kidude hakina uso, mwanangu. Yeye anao."

Nililia palepale, mtu mzima mwenye baibui ya Idi, na mama hakunibembeleza. Nadhani hakuwa na nguvu hizo siku ile. Nani alimrudisha mdogo wangu kutoka Maskat, au kama alifika huko hasa, hatukujua. Alichokuwa nacho kilikuwa uongo mmoja mdogo wa kumwezesha kupiga simu jioni na kuongea na mamake, na mimi nikamvua mbele za watu huku nikiringia taa za kijani.

Hakupiga tena. Jioni ya kwanza hakupiga, ya pili hakupiga, wiki ikaisha. Nikipiga mimi simu inaita mpaka inachoka. Mama alikuwa akiketi na simu mapajani tangu alasiri, anaipangusa kioo kwa upindo wa leso. Chakula akawa hali vizuri. Nilimwambia nitapanda gari niende Marereni nikamtafute, akakataa katakata.

"Ukimfuata utamvua mara ya pili. Mwache avae kwanza."

"Na asipovaa? Na akihama huko akaenda tusikomjua?"

Akaipangusa tena simu kioo. Nikajua hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Kisha jioni moja simu ikalia. Jina lake. Mama akaisukuma kwangu, akanitazama. Kule juu ya kabati ruta ilikuwa wazi, hakuna aliyeifunika tangu Idi, taa zote za kijani. Nikapokea.

"Dada," akasema. Nilimsikia akipumua. Nilisikia mpaka upepo wa huko.

"Mdogo wangu," nikasema, "afadhali umepiga. Huu mtandao wetu umeharibika kabisa. Tangu siku ile ya Idi haushiki."

Nikaendelea.

"Hata picha yako hatukuiona vizuri. Ilikuwa ukungu tu."

Sijawahi kusema uongo mbaya namna hiyo. Hata mtoto wa chekechea asingeukubali. Sauti yangu ilikuwa imeshakatika kwa kilio, na yeye alikuwa akiisikia safi kama ninavyomsikia yeye.

"Haushiki kabisa?" akauliza.

"Kabisa."

"Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Nimejaribu kila kitu. Mie siijui, mdogo wangu. Nilidhani naijua."

Akavuta pumzi. "Basi nitakuja niitazame."

Mama alikuwa ameniegemea, sikio lake kwenye simu pamoja na langu. Nikamuuliza lini, nikiogopa hata kuuliza.

"Ijumaa, inshallah. Baada ya sala."

Mtu wa Maskat haji Ijumaa kutazama ruta. Sote watatu tulilijua hilo na hakuna aliyeligusa. Mama aliichukua simu mkononi mwangu akamuuliza apikiwe nini, na mdogo wangu alijaribu kujibu, akashindwa, akasema chochote, mama, chochote.

Ijumaa mama aliamka akakuna nazi mwenyewe, akanikataza kumsaidia. Aliponiacha sebuleni alinipa kitambaa cha waridi, amekifua na kukipiga pasi. Nikapanda kiti. Ruta ilikuwa inawaka vizuri, hata taa moja haikuwa na kasoro. Nikautafuta waya mwembamba unaoingia kutoka nje, nikauchomoa, nikangoja mpaka taa moja ikageuka nyekundu. Kisha nikaifunika, nikashuka, nikaenda kufungua mlango wa mbele uwe wazi, ili mdogo wangu akija akute kitu cha kutengeneza.