Kompyuta ya Kubebwa na Mtu Mmoja

Jumatano ya mwisho kabla ya Ramadhani nilimpoteza mke wangu. Aliugua siku chache, akafa asubuhi, tukamzika alasiri. Makaburini nilisimama kama ilivyo desturi, nikatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, nami nitalipa. Hakujitokeza mtu. Nilirudi nyumbani nikiamini ameondoka hana deni.

Kazi yetu ilikuwa kurekodi harusi. Mimi niliishia darasa la saba, yeye kidato cha pili, na mambo ya kompyuta alikuwa akiyajua yeye. Tulikuwa tunaitwa zaidi kusini, Rufiji, Kilwa na Lindi, kwa familia zinazoshika taratibu. Huko mwanamume haingii kwenye ukumbi wa wanawake. Bibi harusi anavua baibui, shoga zake wanaachia nywele na kucheza, na jicho la kiume haliruhusiwi, liwe la dereva au la mpiga picha. Kwa hiyo mimi nilirekodi ndoa msikitini, kisha nikakaa nje na madereva kula pilau, nikisikia vigelegele kwa mbali. Mke wangu ndiye aliyeingia na kamera. Picha za ndani alizihariri mwenyewe, akamkabidhi mama wa bibi harusi mkononi, halafu akazifuta. Sikuwahi kuona hata kipande. Ndiyo maana watu walituamini.

Kompyuta yetu ilikuwa pande la kitu. Aliibeba yeye, kwenye begi la mgongoni alilolichagua sokoni Mchikichini baada ya kuyapekua mabegi ya wauzaji watatu na kugombana na wote. Mimi nilibeba kamera, taa na stendi. Nikimwambia tupokezane, alinijibu, "Wewe mgongo wako wa kuazima. Tembea."

Baada ya Idi nilipigiwa simu kutoka Lindi. Waliniita kwa ndoa ya msikitini, upande wa wanaume peke yake. Walishasikia msiba, hawakuuliza habari za upande wa pili. Nilikubali kwa kuwa sijui kazi nyingine. Siku moja nikajaribu kubeba mizigo yote, yangu na wake, kutoka nyumbani hadi kituo cha mwendokasi Gerezani. Sikufika. Nilikaa mbele ya duka la vipuri, begi limenivuta nyuma, watu wakinipita. Kompyuta ile ilikuwa ya safari ya watu wawili. Nikaamua kutafuta ndogo.

Kariakoo sikumaliza hata mtaa mmoja, winga akanidaka. Hawa ndio vijana wanaokuongoza hadi dukani ili wapate chao.

"Mzee baba, unatafuta nini? Simu, laptopu, friji? Mpaka mchumba tunaye."

"Laptopu nyepesi ya safari."

"Nyepesi? Ninayo utadhani umebeba chapati."

Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mpole. Aliniwekea tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa nyembamba sana, lakini haikuwa na mahali pa kuingiza kadi ya kamera. Ya pili ilikuwa na kioo kidogo kama sahani ya kikombe, na mimi macho yangu yameanza kuchoka. Ya tatu ilikuwa na mahali pa kadi, kioo cha wastani, na aliapa kwamba inakaa na chaji kutwa. Nilimuuliza uzito.

"Kilo moja na kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Alicheka. Nikaomba tuipime. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama anayeuza dagaa, ana mzani. Tulivuka na kompyuta yetu mkononi.

"Jamani," mama akasema, "na hizi siku hizi zinauzwa kwa kilo? Mniwekee robo basi."

Aliufuta mzani kwa kanga, akapima. Muuzaji alikuwa mkweli. Nikamwambia aweke na chaja. Alisita, akaenda kuileta. Chaja ilikuwa tofali, mshale ukasogea vizuri tu.

"Hapo sasa," mama wa dagaa akasema. "Kichwa chepesi, mkia mzito."

Muuzaji akakubali kunibadilishia, akanipa chaja ndogo. Nikaichukua ile ya tatu. Tulikubaliana nimwachie kompyuta ya zamani, niliyokuwa nimekuja nayo, na kumwongezea kidogo juu, biashara ya kawaida pale. Akaiwasha ile kubwa aikague. Nilimpa neno la siri; nililijua, kwa kuwa lilikuwa jina la mama yangu na mke wangu hakuwa na lingine. Muuzaji akajaribu vibonye, akajaribu spika. Alihitaji kitu chenye sauti, akatafuta, akasema, "Kuna video ndefu hapa. Ukumbini Lindi. Naipiga hii."

Nilifunga kompyuta na kidole chake ndani.

"Mzee! Vipi tena?"

Winga akapiga makofi. "Mzee ana bi mdogo humo!"

"Si wangu," nikasema. "Ni wanawake wa watu. Harusi ya ndani."

Muuzaji alikuwa mtoto wa pwani, akaelewa hapohapo. Alinyanyua mikono yote miwili. "Astaghfirullahi. Sijaona kitu, mzee wangu. Wallahi kidole tu ndicho kimeona."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Harusi ile ya Lindi ilikuwa ya mwisho aliyokwenda. Nilidhani alishaipeleka. Nikampigia mama wa bibi harusi, nikamwuliza kama alipata picha zake.

Akasema, "Sikupata, baba. Nilikuja hadi kwenye hitima yake, nikaona si vizuri kuuliza. Nikasema, picha ni picha, msiba kwanza."

Basi deni lilikuwepo. Nilisimama makaburini nikauliza, na mwenye kudai akanyamaza kwa adabu. Na sasa amana ile iko mikononi mwa mwanamume, imebakia kidole kimoja ichezwe mbele ya duka zima.

Nikamwuliza muuzaji kama yupo fundi wa kike. Alinipeleka ghorofa ya tatu, kwenye chumba chembamba chenye pazia katikati. Binti aliyevaa miwani alikuwa anafungua kompyuta kwa bisibisi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimweleza. Hakushangaa. Aliingia nayo nyuma ya pazia, akazima sauti bila kuambiwa. Mimi nikabaki upande wangu, kama siku zote. Baadaye akatoa kichwa.

"Baba, alishamaliza kuihariri. Ilibaki kutolewa tu. Nimeitia kwenye flashi. Lakini kuna vipande vingine pembeni alivyovikata. Kimoja yumo mwenyewe, anajirekodi kwenye kioo cha mapambo. Mrefu, ana kipini puani?"

"Ndiye."

"Nyuma yake kuna wanawake. Hao huruhusiwi kuwaona. Lakini yeye ni mkeo."

Alifikiri. Akachukua boksi la chaja, akalikata tundu kwa kisu, akalibandika kwa gundi ya karatasi juu ya kioo. Kisha akaniita. Kupitia tundu lile nilimwona mke wangu, kichwa wazi, amepaka wanja, anarekebisha kamera huku amekunja midomo kama anavyofanya akipima chumvi. Ilikuwa fupi. Aliirudia mara mbili bila mimi kuomba.

"Nifute?"

Nilitaka kusema kile kimoja kibaki. Lakini kulikuwa na watu nyuma yake, na yeye mwenyewe hakuwahi kubaki na kitu cha watu.

"Futa vyote," nikasema.

Nilikwenda Lindi na kompyuta ndogo kwenye begi lake. Lilikuwa jepesi mno, likawa linanipigapiga mgongoni. Baada ya kazi ya msikitini nilipita kwa yule mama. Alipokea flashi kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaniomba nisubiri barazani niletewe chakula. Akaingia, akafunga mlango. Nikasikia anaita majirani. Halafu ngoma, vigelegele, na katikati yake sauti ya mke wangu, karibu kabisa na kamera, "Kungwi, sogea bwana, umeniziba!"

Wanawake ndani wakacheka. Nikala pilau mpaka video ilipokwisha, nikavaa begi, nikaenda stendi.